Achari Haihitaji Presha, Samaki Anaihitaji

Mazungumzo kuhusu kuhifadhi chakula kwenye chupa, yaliyoandaliwa kwa vikundi vya akina mama na vijana wa Wadi ya Mji wa Kale/Makadara, Kaunti Ndogo ya Mvita



Hakuna mtu wa Mji wa Kale anayehitaji kufundishwa kuhifadhi chakula. Embe mbichi hukatwa, hutiwa chumvi na kuanikwa darini, kisha hupikwa kwa siki na pilipili ikawa achari. Ndimu huachwa kwenye chumvi na jua mpaka ganda lake lilainike. Samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa akawa ng'onda. Papa mkavu alishushwa Bandari ya Kale kutoka kwenye majahazi yaliyokuja na kaskazi, miaka mingi kabla ya friji ya kwanza kuingia Kibokoni au Kuze. Njia zote hizi zinafanana kwa jambo moja. Zinakinyima kijidudu kile kinachokipa uhai. Chumvi na jua hukinyima maji. Siki na ndimu hukipa ukali kisioweza kuustahimili.

Swali linaloulizwa sasa ni jingine. Vikundi vinavyouza achari na mabuyu vinataka kuongeza bidhaa: jodari kwenye chupa, maharagwe yaliyoiva tayari kwa kupashwa moto, nyama ya supu, sosi ya nyanya. Wazo ni zuri. Jodari akijaa sokoni bei huanguka, na mwenye chupa zake ndani anaweza kuuza wakati bahari imechafuka na mashua haziendi. Tatizo ni kwamba samaki, nyama na maharagwe hayana chumvi ya ng'onda wala siki ya achari. Yamefungwa ndani ya chupa, yana maji, hayana hewa, na hayana ukali. Kuna bakteria mmoja anayependa hali hiyo kuliko nyingine yoyote.

Bakteria huyo huitwa Clostridium botulinum. Hukaa udongoni na matopeni mwa bahari, kila mahali, na peke yake hana madhara makubwa kwa mtu mzima. Akijikuta mahali pasipo hewa, penye maji na pasipo asidi, huamka na kutoa sumu. Ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo ni botulizimu. Macho huanza kuona vitu viwili viwili, kope hulegea, ulimi huwa mzito, kumeza kunakuwa kazi, kisha udhaifu hushuka mikononi, kifuani na miguuni. Misuli ya kupumulia ikishikwa, mgonjwa huhitaji mashine. Dalili huanza mara nyingi kati ya saa 18 na saa 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuja mapema zaidi au kuchelewa siku kadhaa. Kwa kawaida mgonjwa hana homa, na akili yake inabaki timamu, kwa hivyo watu wa nyumbani huweza kudhani ni uchovu, au hata ni mambo ya majini. Ni hospitali, na ni mara moja, na ile chupa ichukuliwe pamoja na mgonjwa.

Huu si ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha taarifa ya watu wa Kenya waliopatwa na botulizimu baada ya kula kumbikumbi. Na Oktoba 2008, nchini Uganda, wanafunzi 3 wa shule ya bweni waliugua. Wote walilazwa na mmoja akafariki. Vipimo vilithibitisha sumu ya botulinum ya aina A. Chakula ambacho wote watatu walikuwa wamekila, na kinachodhaniwa kuwa chanzo, ni kiungo cha nyumbani kilichotengenezwa kwa mafuta. Wachunguzi waliandika kwamba viungo vya aina hiyo vinatumiwa sana katika shule za huko.

Hapo mzazi wa Mombasa anapaswa kusimama kidogo. Ile chupa ya pilipili ya kukaanga, yenye kitunguu saumu na mafuta mengi juu, inayofungwa kwenye sanduku la mwanafunzi siku ya kurudi shule, ni ndugu wa kiungo hicho. Mafuta hayaui bakteria, ila huzuia hewa. Kitunguu saumu hutoka udongoni. Mchanganyiko huo ukikaa wiki tatu ndani ya sanduku la bati, kwenye joto, hakuna anayejua kinachoendelea mle ndani. Dawa yake si presha, kwa sababu hakuna muda uliopimwa wa kusindika saumu kwenye mafuta nyumbani. Pilipili ya mafuta na saumu inawekwa kwenye friji na kumalizwa ndani ya siku 4. Mwanafunzi apewe achari ya siki.

Kwa nini maji ya kuchemka hayatoshi

Bakteria huyu anapobanwa hujifunika ganda gumu na kulala, mfano wa mbegu iliyo ardhini ikingoja mvua. Katika hali hiyo anaweza kuchemshwa kwa saa nyingi na asife. Na maji ya kuchemka yana mpaka wake: hapa kisiwani, usawa wa bahari, yanachemka kwa nyuzi 100 za selsiasi. Ukiongeza moto, maji yatakauka haraka zaidi, lakini hayatapanda hata nyuzi moja. Kumuua aliyelala kunahitaji nyuzi 116 hadi 121, na njia ya kufika huko nyumbani ni kufungia mvuke. Mvuke uliobanwa kwa pauni 10 kwa inchi ya mraba, zile zinazoandikwa psi kwenye geji, hufikia nyuzi 116 hivi. Kwa pauni 15 hufikia 121. Mashine ya kutakasia vifaa vya upasuaji hospitalini inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha chungu cha mvuke mwaka 1679. Nicolas Appert alitangaza mwaka 1810 jinsi ya kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizozibwa na kuchemshwa, akalipwa na serikali ya Ufaransa iliyotaka kulisha majeshi. Appert hakujua kwa nini njia yake ilifaa, wala kwa nini wakati mwingine ilishindwa. Elimu ya bakteria ilikuja baadaye. Mwaka 1917 Idara ya Kilimo ya Marekani ikaamua kwamba kwa vyakula visivyo na asidi presha ndiyo njia pekee salama, na nyakati zitakazotajwa hapa zinatokana na miongozo ya idara hiyo, kwa sababu ilizipima.

Mpaka kati ya chakula kinachohitaji presha na kisichohitaji ni kipimo cha pH 4.6. Kilicho chini ya hapo kina asidi ya kutosha: embe mbichi, ukwaju, ndimu, nanasi, achari yenye siki. Hicho kinatosheka na chupa kuchemshwa ndani ya maji. Kilicho juu ya hapo, yaani samaki, nyama, kuku, maharagwe, bamia, mchicha, mahindi, kinahitaji presha. Nyanya iko mpakani, na nyanya mbivu sana za Kongowea zinaweza kuvuka upande usiofaa. Kwa hivyo hutiwa juisi ya ndimu ya chupa ya dukani, kijiko kikubwa kimoja kwa chupa ya nusu lita na viwili kwa chupa ya lita. Imesemwa ya dukani kwa sababu ukali wake hupimwa kiwandani, ilhali ndimu za Marikiti hazilingani, hii kali na hii imejaa maji. Sosi ikiongezwa vitunguu, saumu na pilipili hoho, si nyanya tena. Ifuate mapishi yaliyopimwa au iachwe.

Presha kuka ya maharagwe haitoshi

Karibu kila jiko la Mji wa Kale lina presha kuka yenye filimbi. Inapika maharagwe na nyama kwa haraka, na kwa kazi hiyo ibarikiwe. Lakini haifai kwa chupa. Ni ndogo, kwa hivyo hupanda joto haraka na kupoa haraka, na nyakati za usindikaji zilipimwa kwa chombo kikubwa ambacho kupanda na kupoa kwake kunahesabika kama sehemu ya kuua bakteria. Pia filimbi haikuambii presha imekaa wapi, inakuambia tu kwamba imezidi.

Chombo kinachotakiwa ni kikubwa zaidi, na katika mazungumzo haya kitaitwa presha ya chupa. Kinapaswa kuingia angalau chupa 4 za lita moja zikiwa zimesimama, kiwe na kichanja cha kuziinua kutoka chini, kifuniko kinachofungwa kwa nguvu, kitundu cha kutolea mvuke, na valvu ya usalama. Vingi ni vya alumini nzito. Haviuzwi kila duka la Barabara ya Digo, na mara nyingi huagizwa, kwa hivyo ni vizuri kujua cha kuangalia kabla ya pesa ya kikundi kutoka.

Cha kwanza ni jinsi kinavyopima presha. Kuna aina ya saa, yaani geji yenye mshale, na kuna aina ya kizito, chuma kidogo kinachokaa juu ya kitundu na kucheza presha ikifika. Saa ni nzuri kuitazama, lakini inapaswa kupimwa usahihi kila mwaka dhidi ya geji nyingine, na ikidanganya kwa pauni 2 hakuna atakayejua. Kizito hakichoki, wala hakihitaji fundi. Unakisikia ukiwa chumba cha pili. Kikundi kisicho na fundi wa geji karibu kichague kizito, au chombo chenye vyote viwili na kifuate kizito. Hapa Mombasa iko faida ambayo watu wa Nairobi hawana. Kwa kuwa kisiwa kiko usawa wa bahari, kizito cha pauni 10 kinatosha, au pauni 11 kwa chombo cha saa. Nairobi, iliyo juu kwa takriban mita 1,700, inahitaji kizito cha pauni 15. Basi maelekezo yaliyoandikwa na ndugu aliye bara yasichukuliwe vilevile, na presha iliyozoeleka hapa isipelekwe bara bila kubadilisha kizito.

Cha pili ni vipuri. Vyombo vingine hufungwa kwa mpira na vingine ni chuma kwa chuma. Mpira hukauka na kupasuka, zaidi kwa hewa yetu ya chumvi. Anayenunua chombo cha mpira anunue na mipira miwili ya akiba siku hiyo hiyo, kwa sababu mpira wa presha kuka ya kawaida hautaingia. Kilichotumika si kibaya iwapo kifuniko hakijapinda na kitundu kinaonyesha mwanga upande wa pili. Kisicho na kijitabu chake, au ambacho kizito chake kimepotea na kuwekewa cha chombo kingine, kiachwe hapo hapo kilipo.

Moja kubwa, au mbili?

Hili ndilo swali ambalo vikundi hulipita haraka, na ndilo lenye maana zaidi. Chukua mfano. Kikundi kimepata jodari wa kujaza chupa 60 za nusu lita. Presha yao inabeba chupa 20 kwa tabaka mbili. Jodari kwenye chupa ya nusu lita husindikwa kwa dakika 100 baada ya presha kufika. Ongeza muda wa maji kupata moto, dakika 10 za kutoa hewa, muda wa presha kupanda, na karibu saa nzima ya kupoa. Duru moja inakula saa tatu na nusu. Duru tatu ni saa kumi na nusu, na hapo samaki hajasafishwa bado. Waliokutana baada ya sala ya alfajiri watakuwa bado jikoni baada ya isha.

Duru ya tatu ndiyo ya hatari. Watoto wanangoja chakula, gesi inapungua, na mtu anasema dakika 70 zinatosha, mbona zile za kwanza zimetoka sawa. Kwa macho, chupa ya dakika 70 haina tofauti na ya dakika 100. Kifuniko kimejibana vilevile na rangi ni ile ile. Vilevile wale samaki wa duru ya tatu wamekaa mchana kutwa, na barafu ya asubuhi imekuwa maji.

Presha mbili za ukubwa mmoja zinamaliza kazi hiyo kwa duru mbili, saa saba. Tatu zinamaliza kwa duru moja. Kwa hivyo kikundi chenye pesa ya chombo kimoja kikubwa sana na cha bei kifikirie mara mbili kama pesa hiyo haiwezi kununua viwili vya wastani. Viwili vina faida nyingine: kimoja kikiharibika mpira, kazi haisimami, na kikundi kikiwa na chupa chache kinatumia kimoja tu bila kupoteza gesi. Vikiwa vya aina moja, mipira na vizito vinaingiliana. Vikiwa vya aina mbalimbali, kila kizito kifungwe kwa uzi kwenye chombo chake, na kila chombo kiandikwe namba kwa rangi.

Kuvitumia pamoja kuna adabu yake. Visiwashwe kwa wakati mmoja, bali kwa kupishana nusu saa, ili vyote visihitaji mikono ile ile dakika ile ile. Kila chombo kiwe na saa yake na mtu wake. Simu mbili zinatosha, lakini saa ya kuanza iandikwe pia kwa chaki mlangoni, maana simu hupigiwa, na mtu akishaanza kuzungumza na jamaa wa Muscat kumi zitapita. Meza moja iwe ya chupa zinazoingia na nyingine, mbali nayo, ya zinazotoka. Chupa iliyojazwa isiyosindikwa ikichanganyika na zilizotoka, hakuna atakayeitambua.

Jiko nalo linahitaji kutazamwa. Presha iliyojaa maji na chupa 20 ni mzigo wa kilo nyingi. Ile meko inayokaa juu ya mtungi wa kilo 6 isibebeshwe mzigo huo, itapinduka. Jiko la chini la chuma, lenye miguu mipana, ndilo lifaalo, kila chombo na jiko lake. Na kila jiko liwe na mtungi wake, kwa sababu ukiwasha la pili kwenye mtungi mmoja moto wa la kwanza unaweza kushuka. Hili si jambo dogo. Presha ikishuka chini ya pauni 10 hata mara moja katika zile dakika 100, hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Gesi ikiisha dakika ya 90, ni dakika 100 nyingine. Mtungi utikiswe kabla ya kuanza, na wa akiba uwe mlangoni.

Kazi yenyewe, tangu samaki hadi rafu

Samaki aanze kulindwa melini au kwenye dau, si jikoni. Jodari aliyekaa juani hutengeneza histamini, na hiyo haiondolewi na presha yoyote. Uso utawasha na kuwa mwekundu, kichwa kitauma, hata kama chupa ilisindikwa kwa dakika 100 kamili. Akinunuliwa sokoni awe kwenye barafu, na aendelee kuwa kwenye barafu mpaka kisu kimfikie.

Chupa ni zile za mdomo mpana zilizotengenezwa kwa kazi hii, zenye kifuniko cha vipande viwili, kisahani na pete. Chupa za jemu na mayonezi zinafaa kwa achari, lakini ndani ya presha hupasuka. Kisahani ni cha mara moja. Pete hutumika tena. Jodari hajazwi kwenye chupa inayozidi nusu lita, maana joto halifiki katikati kwa wakati. Ngozi na mifupa huondolewa, vipande hushindiliwa taratibu, huongezwa maji au mafuta na kijiko cha chai cha chumvi, na juu huachwa nafasi ya sentimita 2.5. Mdomo wa chupa upanguswe, kwani tone la mafuta linatosha kuzuia kisahani kushika.

Ndani ya presha huwekwa maji ya kina cha sentimita 5 hadi 7, au kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu, yaani maji hayafuniki chupa. Kifuniko hufungwa na kitundu huachwa wazi. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu, mfululizo, hesabu dakika 10 ndipo kizito kiwekwe. Wengi huona hizi dakika 10 ni za bure. Ni za kufukuza hewa. Hewa ikibaki ndani, kizito kitacheza vizuri kabisa huku joto likiwa chini ya linalotakiwa.

Muda ukiisha, moto uzimwe na chombo kiachwe. Ile tabia ya kupeleka presha kuka chini ya bomba ibaki kwa maharagwe ya chakula cha mchana. Presha ya chupa ikimwagiwa maji, chupa zinapasuka au zinamwaga mchuzi wake, na kupoa polepole ni sehemu ya muda uliopimwa. Presha ikirudi sifuri, kizito kinaondolewa, dakika 10 zinapita, na kifuniko kinafunguliwa upande ulio mbali na uso.

Maharagwe makavu hulowekwa, huchemshwa nusu saa, kisha husindikwa dakika 75 kwa chupa ya nusu lita na 90 kwa ya lita. Nyama ya vipande na kuku asiye na mifupa ni hivyo hivyo. Tui la nazi lisitiwe. Hakuna muda uliopimwa kwa mchuzi wa nazi, na mafuta yake hubadilisha jinsi joto linavyopenya. Mharagwe wa nazi wa Mombasa basi hutoka kwenye chupa ukiwa mweupe, na tui linatiwa siku ya kula, jambo ambalo hata kwa ladha ni bora.

Chupa zikae saa 12 hadi 24 bila kuguswa. Kisha kisahani kibonyezwe katikati. Kinachocheza hakikushika, na chupa hiyo iingie friji iliwe haraka. Pete zitolewe, kwa sababu hewa ya bahari huzitia kutu zikiwa juu ya chupa na kuficha kinachovuja. Mahali pa kuweka ni chumba cha chini cha nyumba ya mawe, chenye kuta nene na giza, mbali na darini chini ya mabati. Joto likipita nyuzi 35 chakula huharibika hata kama kilisindikwa sawasawa. Chupa itumike ndani ya mwaka mmoja.

Siku ya kula, chakula cha aina hii kilichotengenezwa nyumbani kichemshwe dakika 10 kabla ya kuonjwa. Bakteria aliyelala havunjwi na kuchemka, lakini sumu yake huvunjwa. Chupa iliyovimba, inayovuja, inayorusha povu ikifunguliwa au yenye harufu isiyoeleweka isionjwe hata kwa ncha ya ulimi, wala isitupiwe paka. Paka wa Mji wa Kale wanakula kila kitu, na wenye watoto wanaocheza nao ni wengi.

Kula nyumbani ni jambo moja, kuuza ni jingine. Chakula kilichofungashwa na kuuzwa dukani kinahitaji alama ya ubora ya KEBS, na wanaokishika wanahitaji cheti cha afya. Samaki wa chupa atapimwa kwa ukali kuliko achari, na ni haki. Kikundi kinachopanga kuuza kionane na afisa wa afya ya umma wa wadi kabla ya kununua vyombo, kwa kuwa sakafu, maji na mahali pa kazi huangaliwa pia, na chumba kilichokodishwa kwa haraka huenda kisikubaliwe.

Kila chupa iandikwe vitu vitatu: kilichomo, tarehe, na namba ya presha iliyoisindika pamoja na duru yake. Chupa moja ikivimba mwezi wa tatu, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha ni chupa zipi nyingine 19 za kutoa rafuni usiku ule ule.